Mwenyekiti na Awasomee Wananchi Hesabu

Kiongozi aliyechaguliwa na watu ana kazi mbili. Ya kwanza ni kupeleka haja za watu wake mbele ya wakubwa. Ya pili ni kurudi kwao na majibu. Katika wilaya ya Kasese, kama ilivyo kwingineko Uganda, kazi ya kwanza hufanywa kwa bidii na kwa sauti kubwa, hasa kura zinapokaribia. Kazi ya pili ndiyo tunayopenda kuisemea leo, kwa sababu bila hiyo mwananchi wa Bwera au wa Kilembe hana njia ya kujua kama yule aliyemsimamia mstarini bado anamtumikia.

Mabaraza ya vijiji yalipoenezwa nchini kote mwaka 1986, wakati huo yakiitwa kwa herufi RC, yaliletwa ili mtawaliwa amwone mtawala wake uso kwa uso. Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ziliyapa msingi wa kudumu kwa jina la LC, tangu kijiji mpaka wilaya. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba baada ya mwaka 2001 wananchi hawakupata kuwachagua tena wenyeviti wa vijiji mpaka tarehe 10 Julai, 2018, walipojipanga nyuma ya wagombea wao. Mtoto aliyezaliwa baada ya uchaguzi ule wa kwanza alikwisha kuwa kijana kabla ya huu wa pili. Na muhula wa miaka mitano ulipokwisha mwaka 2023, viongozi wale waliongezewa muda.

Si kosa la mwenyekiti kwamba uchaguzi ulichelewa. Hata hivyo, pale kura inapokawia, mkutano wa hadhara ndio uwanja pekee uliobaki wa kumwuliza kiongozi maswali. Serikali yenyewe ililiona jambo hili, kwani mwaka 2009 Ofisi ya Waziri Mkuu ilianzisha mikutano iitwayo Baraza, ambayo ndani yake watumishi wa umma hutakiwa kueleza fedha zilizopokewa na kazi iliyofanyika, na wananchi hutakiwa kuuliza. Mpango huo ni mzuri. Ila sote tunaijua mikutano yetu: saa tatu za kikao, mbili kati yake zikiwa za kuwatambulisha wageni.

Taarifa inayostahili jina hilo huanza na hesabu. Sheria ya mwaka 1997 inaagiza kwamba gombolola la mashambani libakiwe na asilimia 65 ya mapato linayokusanya, na asilimia 35 iende wilayani. Katika fungu linalobaki, robo hurudi vijijini. Ni wanakijiji wangapi katika Bukonzo waliowahi kusomewa robo hiyo ni shilingi ngapi? Tangu kodi ya kichwa iliposimamishwa mwaka 2005, mabaraza yanategemea zaidi ushuru wa masoko na ada za leseni. Mama anayeuza maharagwe au samaki katika soko la Mpondwe hulipa ushuru huo kwa mkono wake mwenyewe. Halmashauri ya mji wa Mpondwe-Lhubiriha ina hazina yake, na mama huyo ni mmoja wa wanaoijaza. Ana haki ya kuambiwa kama fedha yake imezoa taka, imechimba choo, au imekwisha katika posho za vikao.

Kuna pia asilimia 20 ya viingilio vya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, ambayo sheria inataka zipewe serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi hiyo. Wanaoharibiwa mihogo na tembo wanaijua hifadhi kwa hasara. Mwenyekiti angewasaidia waijue kwa faida pia, kama faida hiyo imewafikia.

Tukija kwenye Mpango wa Maendeleo ya Parishi, uliozinduliwa Februari 2022, hesabu yake haihitaji msomi. Kila parishi ilitengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya moja huweza kukopeshwa hadi shilingi milioni moja. Kwa hiyo, mikopo ikitolewa kamili, fungu la mwaka mmoja latosha kaya 100. Kaya zinazobaki zina haki ya kusikia majina ya waliopata yakisomwa hadharani, na sababu ya wao kuambiwa wangoje. Mwenyekiti anayeificha orodha hiyo anajitafutia fitina, hata kama mikono yake ni safi.

Jambo zito kuliko fedha ni mto. Tarehe 1 Mei, 2013, mto Nyamwamba ulifurika ukatoka Rwenzori na mawe makubwa, ukaingia hospitali ya Kilembe na makazi ya bondeni. Mwaka uliofuata ulirudi. Mwezi Mei 2020 Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha zilivunja kingo karibu kwa wakati mmoja. Hospitali ya Kilembe ikabomolewa vibaya, na maelfu ya watu wakakosa makao. Miongoni mwao wapo waliopelekwa kambini Muhokya, wakakaa huko kwa miaka, si kwa miezi. Septemba 2022 maporomoko ya ardhi huko Kasika, Rukoki, yaliua zaidi ya watu kumi.

Mbele ya mambo kama hayo, haifai kiongozi wa Bulembia asimame aseme tu kwamba “serikali inalishughulikia.” Wanaokaa kando ya mto wanataka kujua mawe yataondolewa mtoni lini na nani, kingo zipi zitajengwa, mabaki ya mgodi wa shaba yaliyolundikwa bondeni yatazuiwaje yasiingie majini, na waliopoteza viwanja watahamia wapi. Kanuni za mwaka 2000 zinakataza ujenzi na kilimo ndani ya mita 100 za mito mikuu iliyoorodheshwa, na mita 30 za mito mingine. Huu ni ujumbe mchungu kumpelekea mtu ambaye shamba lake lote limo ndani ya mita hizo, na ndiyo maana wengi hukwepa kuutamka. Lakini kiongozi anayenyamaza ili apendwe, mvua humsemea.

Huko Bwera nako mpaka una mambo yake. Ndugu wa ukoo mmoja wanaishi Mpondwe na Kasindi, husemezana kwa lugha moja, huoana na kuzikana. Mwezi Juni 2019 familia iliyotoka mazikoni Kongo ilivuka kwa njia za panya ikiwa na mtoto mgonjwa wa miaka mitano. Tarehe 11 ikathibitishwa kwamba ana Ebola, naye akafariki katika hospitali ya Bwera. Vipimo vya joto pale kituoni havimwoni apitaye migombani. Anayemwona ni jirani, na jirani atatoa habari kwa mwenyekiti anayemwamini. Tena tarehe 16 Juni, 2023, wauaji wa kundi la ADF walipoishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, wazazi walibaki na swali la nani hulinda usiku. Siri za jeshi si za mkutanoni, hilo twakubali. Lakini namba ya simu ya kupiga, na jina la ofisa wa zamu, si siri.

Jambo moja dogo latuudhi. Makaratasi ya wilaya huandikwa kwa Kiingereza, na baadhi ya viongozi huyasoma vilevile yalivyo, kana kwamba wanajibu mtihani. Mkutano wa Bwera na usemwe kwa Lhukonzo, na sokoni Mpondwe, ambako Mkongo na Mganda wanaelewana kwa Kiswahili, Kiswahili kitumike. Tarakimu zibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya gombolola, ziachwe hapo mpaka kikao kingine.

Mvua kubwa huanza Machi. Mkutano wa bonde la Nyamwamba ufanyike kabla yake, na ufanyike Kilembe penyewe, mahali ambapo mto unaonekana. Ule wa Bwera usiwekwe siku ya soko, kwani siku hiyo wenye maswali wako Mpondwe wakitafuta riziki.