Upanga wa jukwaani nao una elimu yake

Mwalimu anapochagua tamthilia ya kuigizwa na wanafunzi wake, aghalabu hufikiri kwanza juu ya ujumbe, kisha lugha, kisha nani atashika nafasi ipi. Mapigano yaliyomo katika mchezo huo hufikiriwa mwisho, na mara nyingine hayafikiriwi kabisa. Vijana wakiambiwa tu kwamba "hapo mtapigana kidogo" kisha wakaachiwa wenyewe, kosa limekwisha kutendeka. Ni kosa linaloweza kumgharimu kijana jicho lake, au hata uhai wake.

Haifai hata kidogo kulidharau jambo hili kwa kuwa ni la michezo. Historia ya Taifa hili haiigiziki bila silaha. Atakayeonyesha jinsi Wahehe walivyolishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo, mwezi Agosti 1891, hana budi kuwapa vijana mikuki na ngao. Atakayeonyesha Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 hana budi kuonyesha watu wakianguka. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki. Mwalimu Julius Nyerere alipofasiri mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, tafsiri iliyotoka kwanza mwaka 1963, aliwapa wasomaji wa Kiswahili mchezo ambamo mtu mmoja anazungukwa na kundi la wenye majambia na kuuawa mbele ya watazamaji. S. S. Mushi naye, mwaka 1968, alitoa Makbeth, mchezo unaokaribia mwisho wake kwa wanaume wawili kukabiliana kwa upanga.

Vitabu hivyo ni fahari ya lugha. Lakini tamthilia haikuandikwa ili isomwe tu darasani na kujibiwa maswali ya mtihani. Imeandikwa ili iigizwe. Kwa hiyo swali linalowakabili walimu na maafisa utamaduni ni hili: nani anawafundisha vijana kushika upanga usioumiza?

ELIMU YA KUTOUMIZA

Wengi hudhani kwamba pigano la jukwaani ni pigano la kweli lililopunguzwa nguvu. Sivyo. Ni kazi nyingine kabisa, yenye kanuni zake. Katika vita kila mmoja humficha adui nia yake. Jukwaani kila mmoja humwonyesha mwenzake nia yake mapema, kwa macho na kwa mwili, wala hapigi mpaka aone kwamba mwenzake yu tayari. Katika vita mwenye nguvu ndiye mwenye amri. Jukwaani amri imo mikononi mwa yule anayepigwa.

Mfano wa kuvutwa nywele utaeleza. Anayevuta hukunja ngumi, akaiweka juu ya kichwa cha mwenzake bila kushika unywele hata mmoja. Anayevutwa huushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili na kuubana kichwani pake. Kuanzia hapo ndiye anayeamua kwenda wapi na kwa kasi gani, naye ndiye anayepiga kelele. Mtazamaji huona ukatili. Kumbe hakuna aliyevuta kitu. Kofi nalo hupita mbele ya uso pasipo kugusa shavu, na waigizaji husimama kwa namna ambayo watazamaji hawaoni nafasi iliyo kati ya kiganja na shavu. Mlio hutolewa na mmoja wao kwa kujipiga kifuani au pajani, na anayepigwa hugeuza kichwa papo hapo.

Kwa upanga kanuni ni kali zaidi. Wapiganaji husimama mbali kiasi kwamba hata mkono ukinyooshwa wote ncha haiufikii mwili. Pigo la kuchoma huelekezwa pembeni mwa kiuno, wala halielekezwi usoni kamwe. Pigo la kukata husimama kabla ya kufika, na mwenye kukinga hujua tangu siku ya kwanza ya mazoezi kwamba pigo la tatu litatoka kulia na la nne litatoka kushoto. Kila hatua huhesabiwa na kukaririwa kama hatua za ngoma. Mazoezi huanza polepole mno, na kasi huongezwa kidogo kidogo, wala haizidi ile anayoimudu aliye mzito kuliko mwenzake. Hata kuanguka kuna mafunzo yake: mtu huushusha mwili kwanza karibu na sakafu, akafikia kwa paja na kalio mahali penye nyama, wala hafikii kwa goti, kiwiko au kiganja.

Haya yote hayaharibu uhondo wa mchezo. Kinachomtisha mtazamaji si nguvu ya pigo bali ni mshtuko wa aliyepigwa, pumzi yake, na jinsi anavyoinuka kwa shida. Vijana wawili wanaopigana kwa hasira ya kweli huonekana kama watu wanaosukumana tu, na mtazamaji hafahamu kinachotendeka. Waliojifunza hueleweka hata na aliyeketi safu ya mwisho.

SI JAMBO GENI

Wapo watakaosema kwamba hii ni elimu ya kigeni. La hasha. Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, wanaume wamecheza kirumbizi tangu zamani: wawili huingia uwanjani na fimbo, ngoma na zumari vikilia, mmoja akirusha pigo na mwingine akikinga, huku umati ukiwazunguka. Anayeingia bila kujua mapigo na adabu za mchezo huaibika. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, katika sherehe za Mwaka Kogwa zinazofanyika mwezi Julai, wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili kuondoa vinyongo vya mwaka uliopita. Yafaa kuzingatia chombo kilichochaguliwa. Wazee walitaka watu wapigane na wasiuane, basi wakachagua shina laini la mgomba. Shoka na panga vilikuwapo, wakaviacha nyumbani. Wahenga hao walikwisha kuipata hekima ambayo michezo ya kuigiza ya leo inaitafuta.

Huko ng'ambo nako hekima hiyo imepatikana kwa gharama. Mwaka 1587 kundi moja la waigizaji wa London lilitumia bunduki iliyoshindiliwa risasi katika mchezo. Risasi ikamkosa aliyelengwa, ikamuua mtoto na mwanamke mjamzito waliokuwa wakitazama. Zaidi ya miaka 400 baadaye, Desemba 2008, mwigizaji mmoja katika jumba maarufu la Burgtheater mjini Vienna alijikata shingo mbele ya watazamaji, kwa sababu kisu alichopewa kilikuwa na makali badala ya kuwa butu. Kwa bahati alipona. Mwezi Oktoba 2021, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, mpiga picha wa filamu Halyna Hutchins aliuawa wakati wa matayarisho ya filamu iitwayo Rust, kwa bastola ambayo haikupaswa kuwa na risasi ya kweli. Mwezi Machi 2024 mahakama ilimtia hatiani aliyekuwa msimamizi wa silaha katika kazi hiyo.

Katika visa hivyo vyote watu walikuwa wakiigiza, na hakuna aliyekuja kazini kwa nia ya kumdhuru mwenzake. Kilichokosekana ni uangalizi: chombo kilifika mkononi mwa mwigizaji kikiwa si kile kilichopaswa kufika. Ndiyo maana waongozaji wa mapigano ya jukwaani walijiundia chama chao huko Uingereza mwaka 1969, na wenzao wa Marekani mwaka 1977. Nia ilikuwa kuifanya kazi hiyo iwe ya watu waliofunzwa na kupimwa, kama ilivyo kazi ya fundi umeme. Hakuna mwalimu mkuu anayemwita mpita njia aje kuunganisha nyaya za umeme shuleni kwa kuwa tu ana mikono. Kwa nini basi mapigano ya mikuki yapangwe na yeyote?

HOJA ZA WENYE SHAKA

Baadhi ya wazazi na walimu huona kwamba kuwafundisha vijana kupigana, hata kwa maigizo, ni kuwafundisha ukorofi. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa maana nidhamu ya vijana ni amana. Lakini itazamwe kazi yenyewe. Kijana anayejifunza pigano la jukwaani hujifunza kumtazama mwenzake machoni, kuizuia nguvu yake, kungoja ishara, na kusimama mara moja anapoambiwa asimame. Akikasirika, kazi inaharibika. Akitaka kujionyesha, kazi inaharibika. Shughuli inayomtaka kijana auchukue usalama wa mwenzake kuwa wajibu wake wa kwanza haiwezi kuitwa shule ya ukorofi. Ukorofi huzaliwa pale anapokabidhiwa fimbo bila maelezo, akachapwa kwa bahati mbaya, akalipiza.

Wengine watasema kwamba fedha hazipo. Ni kweli kwamba shule nyingi zina mahitaji mengi na fungu dogo. Lakini elimu hii haihitaji panga za kuagizwa ng'ambo. Inahitaji muda, chaki ya kuchora sakafuni mahali pa kila mguu, na fimbo nyepesi. Upanga wa mbao uliolainishwa kwa msasa na kuviringwa ncha hutosha. Ncha ya mkuki yaweza kuchongwa kutokana na mpira wa ndala kuukuu. Ngao yaweza kutengenezwa kwa boksi gumu. Hiyo ndiyo kujitegemea hasa: kutumia akili na vitu vilivyopo, bila kuukubali uzembe kwa kisingizio cha umaskini.

LA KUFANYA

Kwanza, kila shule na kila kikundi cha sanaa kiweke amri moja isiyo na mjadala: panga la kufyekea nyasi lisipande jukwaani, wala kisu cha jikoni, wala silaha yoyote ya kweli, hata kama mwenyewe anaapa kwamba ni butu. Chuma butu bado ni chuma. Huvunja mfupa na kupasua jicho.

Pili, ateuliwe mtu mmoja wa kutunza silaha za maigizo. Azihesabu kabla na baada ya kila zoezi, aziandike katika daftari, azifungie sandukuni, na amkabidhi kila mwigizaji chombo chake mkononi. Mbao iliyochanika au kulegea iondolewe siku hiyo hiyo.

Tatu, pigano lipangwe hatua kwa hatua na kuandikwa, na pasiwe na nyongeza yoyote siku ya maonyesho. Ndiyo siku ya hatari zaidi, maana wageni rasmi wameketi, makofi yanalia, na damu ya ujana inachemka. Kabla pazia halijafunguliwa, wapiganaji walipitie pigano lao lote mara moja kwa mwendo wa polepole. Asiyehudhuria marudio hayo asipigane. Kifo chake kisimuliwe na mjumbe. Michezo mingi mikubwa hufanya hivyo bila kupungukiwa na kitu.

Nne, vyombo vyenye dhamana vitimize wajibu wao. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mahali pa kuanzia. Hapo wapo wataalamu wa ngoma na uigizaji ambao tayari wanajua kuuongoza mwili wa binadamu. Semina ya siku chache wakati wa likizo, ikihudhuriwa na walimu wa Kiswahili na maafisa utamaduni wa wilaya, ingetosha kueneza misingi. Katika semina hizo waitwe pia mafundi wa kirumbizi, wafundishe wanayoyajua wala wasifanywe burudani ya kufungulia mkutano.

Utamaduni haujengwi kwa hotuba pekee. Unajengwa na mwalimu aliyebaki shuleni jioni, akiwapanga vijana thelathini katika uwanja wa vumbi ili waonyeshe jinsi babu zao walivyopinga kutawaliwa. Mwalimu huyo anastahili kusaidiwa, na vijana wale wanastahili kurudi makwao wakiwa wazima. Mashujaa wa Lugalo na wa Maji Maji walikufa kwa sababu vita vilikuwa vya kweli. Hakuna sababu yoyote ya mtoto wa shule kuumizwa kwa kuwakumbuka.