Shamba Halilindwi kwa Maandamano Peke Yake: Kijana, Ingia Wadi



Ndugu yangu, dada yangu wa Kibera na Kawangware, shika namba mbili: 4,197 na 288.

Ya kwanza ni ekari ambazo serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi mwaka 1918 kuwa makao ya askari wa Kinubi na familia zao hapa Kibra. Ya pili ni ekari zilizo kwenye hati ya ardhi ya jamii ambayo Wanubi walikabidhiwa mwaka 2017. Piga hesabu mwenyewe. Katika kila ekari 100, hazikubaki hata 7. Watu walingoja karibu miaka mia moja ili wapewe karatasi ya mabaki.

Sasa jiulize zile nyingine zilienda wapi. Wewe unapita juu yake kila siku. Ukienda Ngei, ukienda Ayany, ukikata kuelekea Lang'ata, hapo ndipo palikuwa na mashamba. Wazee walilima mahindi na maharagwe, walifuga ng'ombe, maziwa yakauzwa mjini. Jina lenyewe Kibra, kwa Kinubi, ni msitu. Leo mtoto wa Laini Saba ukimwambia bibi yake alikuwa na shamba hapa atakucheka.

Na hakuna vita vilivyopiganwa. Hii ndiyo kitu tunataka uelewe leo. Shamba la Kibra halikuchukuliwa kwa bunduki. Lilichukuliwa kwa ramani, kwa barua, kwa kikao cha saa tisa mchana ambacho hakuna mtu wetu aliyekuwa ndani. Mtu alichora mstari, mwingine akapiga muhuri, miaka miwili baadaye mchanga na kokoto zikamwagwa.

Kawangware ni hadithi nyingine lakini mwisho ni mmoja. Dagoretti yote ilikuwa mashamba ya familia za Wakikuyu, na iliingizwa ndani ya mipaka ya jiji wakati wa uhuru. Shamba la babu likagawanywa kwa watoto, watoto wakagawanyia wajukuu, mjukuu akauza kipande, aliyenunua akapiga mabati, na baada ya mabati ikaja gorofa ya chumba kimoja kimoja. Tembea kutoka stage ya 46 mpaka Gatina uhesabu mahali udongo unaonekana. Ukitaka kuona shamba lenye ng'ombe na nepia, lazima usonge mpaka Waithaka, Mutu-ini, Ruthimitu. Na huko pia mabango ya "ploti zinauzwa" yashafika.

Kuna mtu atauliza: sasa sisi wapangaji wa chumba cha mabati, shamba linatuhusu nini? Linakuhusu kwa sahani. Mboga ya soko la Kawangware na ya Toi haitoki mbinguni. Inatoka Dagoretti, inatoka Kikuyu, Wangige, Limuru. Ruiru, mashamba ya kahawa yamegeuka Tatu City, ekari kama 5,000. Kila shamba la karibu likiwa gorofa, gari la mboga linatoka mbali zaidi, na mafuta ya hilo gari unalipa wewe kwa mama mboga. Linakuhusu pia kwa maji. Udongo hunywa mvua, saruji inaisukuma kwa jirani. Mafuriko ya Aprili 2024 tuliyaona wote. Halafu baada ya mafuriko serikali ikaja kuvunja nyumba za maskini waliojenga karibu na mto, wakati aliyejaza bonde mchanga na kuinua gorofa mara nyingi hayuko hapo kuulizwa.

Harakati yetu imeandamana. Tutaendelea kuandamana, hilo ni haki yetu kwa Katiba, Kifungu cha 37. Lakini tuseme ukweli kati yetu. Sisi hufika wakati buldoza limefika. Julai 2018, mabuldoza yalipita katikati ya Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu walibaki nje, shule zikaanguka. Kelele zilikuwa nyingi, kamera zilikuwa nyingi, barabara ikapita. Hata kesi tukishinda, ushindi huwa mbali na nyumbani. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, ilisema Kenya imevunja haki za Wanubi, ikiwemo haki ya mali. Alhamdulillah. Lakini anayepitisha ramani ya mtaa wako hakai Banjul. Anakai City Hall.

Ndiyo maana tahariri ya leo ina ombi moja: kijana wa Kiislamu wa Kibera na Kawangware, ingia kwenye kinyang'anyiro cha MCA mwaka 2027. Kama si wewe, basi simama nyuma ya mwenzako atakayeingia, na muanze sasa.

Kwa nini MCA na si mbunge? Kwa sababu Katiba, Jedwali la Nne, imewapa kaunti kilimo, mipango ya ardhi na nyumba. Nairobi ina wadi 85. Kibra ina tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarangombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Kawangware na Gatina ziko Dagoretti Kaskazini, eneo bunge lile lile la Kilimani, ambako nyumba zenye bustani zimegeuka minara ya gorofa. Kwa hiyo mwenye Kawangware ana jirani wa kumfunza kitakachokuja.

Tusidanganyane pia. MCA hatii sahihi kibali cha kujenga. Hiyo ni kazi ya serikali ya gavana, chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019. Akikuambia "nichague nitasimamisha hiyo gorofa kesho", huyo anakuuzia hewa. Lakini MCA anafanya mambo manne ambayo wewe na mimi hatuwezi kufanya tukiwa barabarani.

Anapiga kura juu ya mpango wa kaunti, ule unaosema hapa ni kilimo, hapa ni makazi, hapa ni mwisho gorofa ngapi. Anapiga kura juu ya bajeti. Anakaa kwenye kamati na anaweza kumwita afisa wa mipango aje aeleze kibali kilitokaje. Na anaweza kuleta mswada. Hii ya mwisho si ndoto. Mwaka 2015 bunge la kaunti ya Nairobi lilipitisha sheria ya kukuza kilimo cha mjini. Kabla ya hapo mtu alikuwa anapanda mahindi kando ya reli, kanju wanakuja kufyeka. Sheria ikasema kulima mjini si kosa, ni kazi ya kusimamiwa na kusaidiwa. Wale waliokuwa wanapanda sukuma wiki kwenye magunia Kibera tangu 2008 walipata pa kusimamia. Waliipitisha MCA, watu kama wewe. Sasa sheria ipo, swali ni nani ndani ya bunge anauliza imefanya nini.

Mfano mkubwa tunao. Wangari Maathai, Mungu amlipe kwa wema wake, alisimama mbele ya jengo la Uhuru Park mwaka 1989 na mbele ya wanyakuzi wa Karura mwaka 1999, akapigwa mpaka damu ikatoka. Hakuna aliyepigania ardhi ya jiji hili kwa miguu kuliko yeye. Na bado, mwaka 2002, aligombea ubunge Tetu akashinda. Alijua barabara peke yake haitoshi.

Na msiseme watu wetu hawajawahi kukalia kiti. Mwaka 1969 Lang'ata, wakati Kibera iko ndani yake, ilimchagua Yunis Ali, Mnubi, kuwa mbunge. Mwaka 1974 kiti kikaenda kwa mwingine. Funzo hapo si kwamba haisaidii. Funzo ni kwamba mtu mmoja, muhula mmoja, bila watu nyuma yake, hawezi kuzuia mto kwa mikono.

Sasa tuzungumze yale mnayotuambia inbox.

"Siasa ni uchafu, na Mtume (s.a.w.) alikataza kutafuta uongozi." Kweli, katazo lipo na ni zito. Lakini soma na kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), aliyejitolea mbele ya mfalme kusimamia maghala kwa sababu njaa ilikuwa inakuja na yeye alijua la kufanya. Wanazuoni wamezungumza sana juu ya haya mawili, waulize maimamu wenu. Sisi tunapendekeza njia hii: usijiteue mwenyewe kwa kupenda kiti. Mtaa ukae shura, base, chama cha akina mama, madrasa, vijana wa boda, wawataje watu watatu wanaowaamini. Ukitajwa, usikimbie.

"Watu hawana nyumba, na nyinyi mnalinda sukuma?" Swali zuri. Hatupingi nyumba. Anayeishi kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi na watoto wanne ana haki ya nyumba bora kuliko mtu yeyote. Tunapinga gorofa isiyo na maji taka, isiyo na uwanja wa mtoto, iliyopandishwa juu ya shamba la mwisho kwa sababu mtu alijua mtu, na kodi yake yule wa chumba cha mabati hawezi kulipa.

"Sisi Waislamu ni wachache." Ndiyo. Kwa hiyo usigombee kiti cha Waislamu, gombea kiti cha wadi. Mkulima wa Ruthimitu ni mzee wa kanisa, mama mboga wa Gatina ni Mluhya, fundi wa Lindi ni Mjaluo, na wote wanakula chakula kimoja. Kawangware iliona Oktoba 2017 jinsi majirani wanavyogeuzwa maadui kwa siku moja. Mgombea wetu akianza kuongea kikabila au kidini, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kumuacha.

"Hatuna pesa." Kampeni ni ghali, hasa ukitaka kununua watu. Sheria haikuzuii. Mwaka 2022 ada ya IEBC kwa mgombea MCA ilikuwa shilingi 5,000, na nusu yake kwa kijana, mwanamke au mlemavu. Sharti la digrii halikutumika kwa MCA. Ukiwa mgombea huru unahitaji wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi yako wakuunge mkono, na uwe umetoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mia tano! Swala ya Ijumaa na mazishi mawili unaonana na watu zaidi ya hao. Lakini hapo hapo tuonyane: ukipewa pesa ya kampeni na mwenye kokoto, umeuza shamba kabla hujaapishwa.

Kazi ya kuanza wiki hii ni hii.

Chukua kitambulisho na ujiandikishe. Tunajua vijana wa Kinubi wanavyosumbuliwa na maswali ambayo jirani yao haulizwi. Ukikwama, tuandikie, hiyo ni kazi yetu. Bila kadi ya kura haya yote ni stori.

Soma bango. Ardhi ikitaka kubadilishwa matumizi, tangazo huwekwa kwenye gazeti na kwenye ploti yenyewe. Piga picha, andika pingamizi kwa kaunti, weka nakala. Anayetaka kuwa MCA aanze kwa kuonekana hapa, si kwa kugawa unga.

Hudhuria vikao vya bajeti na mipango ya kaunti. Mpango wa mwaka hupelekwa bungeni kabla ya Septemba mosi. Viti huwa vitupu, na wenye biashara zao wanavijua hivyo viti.

Na ndani ya familia zetu, tujichunge. Sheria ya mirathi inakupa fungu lako, haikulazimishi kuliuza. Ndugu wanaweza kushika shamba pamoja, au kuliweka waqf likalisha watu mpaka Kiyama. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayepanda, kisha akala ndege, mtu au mnyama, ana sadaka kwa kila tonge. Na ametuonya juu ya anayepora hata shubiri moja ya ardhi. Mizani ni hiyo hiyo kwa mwenye nyumba, kwa mwekezaji na kwa MCA.

Uchaguzi ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Wenye mashine za kuchimba wameshaanza kujipanga. Ekari 288 zina hati, na hati haina mikono ya kujitetea. Waithaka bado kuna ng'ombe. Tuandikie jina la wadi yako na jina la mtu mmoja mnayemwamini, na uulize kwanza kama mwenyewe yuko tayari kutajwa.

Allah atupe viongozi wanaomwogopa, na atufanye sisi wenyewe wa kustahili kuongozwa vizuri. Amin.

Wabillahi tawfiq.