Mkanda wa mfuko upite chini ya kitako

Dada zangu, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, tunabeba mifuko mbadala. Ni jambo jema, ila mingi haikumfikiria mama anayetoka sokoni Sumbawanga na unga, maharage na dagaa. Mkanda umeshikizwa juu tu. Mzigo ukizidi unang'oka, unga wa watoto unamwagika njiani.

Mafundi cherehani dawa tunaijua. Mkanda upite chini ya kitako, ushonwe mara mbili, na kitako kiwe kipana. Ndani tuweke kimfuko cha simu na pochi. Bei itapanda kidogo, lakini mfuko utadumu. Wahenga walisema, rahisi ghali. Tukiwa wanunuzi, tuuvute mkanda kwanza kabla ya kulipa.