Barua ya Wazi kwa Mwakilishi Wetu Bungeni Augusta, Maine: Punguza Miswada

Mheshimiwa,

Ile orodha ya miswada uliyotusomea ukumbini hapa Lewiston tumeijadili mpaka imechakaa. Vibali vya kazi, kodi ya nyumba, wakalimani hospitalini, leseni za wauguzi waliosomea nje, mabasi ya Jumapili, na mengine tele. Kila aliyenyoosha mkono siku ile aliondoka na ahadi ya muswada. Ahsante kwa kutusikiliza. Lakini tumekaa Maine miaka ya kutosha kujua kwamba kuwasilisha muswada si kazi. Bunge lenu la wawakilishi 151 na maseneta 35 hupokea miswada zaidi ya 2,000 katika muhula wa miaka miwili. Mbunge hupeleka wazo lake kwa waandishi wa sheria, linarudi limevikwa lugha ya kisheria na namba yenye herufi LD mbele yake, naye anapiga nalo picha. Shughuli yenyewe inaanzia hapo.

Ombi letu ni moja: punguza orodha hiyo kabla dirisha la kupokea miswada halijafungwa.

Maine ina desturi moja ambayo majimbo mengi ya Marekani hayana, nami naipenda sana. Kwingineko mwenyekiti wa kamati anaweza kuukalia muswada mpaka kikao kiishe, usisikike tena. Hapa muswada hupewa siku yake ya kusikilizwa hadharani, na yeyote anaweza kuingia, akataja jina na mji anakotoka, akasema anaunga mkono, anapinga, au hayuko upande wowote. Hakuna anayemuuliza uraia wake.

Sasa tazama desturi hiyo nzuri inavyomgharimu mtu wetu. Mama mmoja mzaliwa wa Bukavu, muuguzi kwao, hapa anawageuza na kuwaogesha wazee zamu ya usiku. Anatoka kazini asubuhi, anaomba lifti ya kilomita 50 hivi mpaka bungeni Augusta, anakaa kwenye benchi. Kamati ina miswada kadhaa siku hiyo, na wa kwake ni wa mwisho. Saa nane mchana anaitwa, anapewa dakika tatu. Kwa kuwa anasema Kiswahili na mkalimani anarudia kila sentensi, zile dakika tatu ni moja na nusu. Usiku uleule anarudi zamu. Watu walio tayari kufanya hivyo tunao, ila hawatoshi miswada ishirini. Ukileta mingi, mingi kati yake itasikilizwa viti vikiwa vitupu, na kamati itaona haina mwenyewe. (Na ukikaa na wenyeviti wa kamati, waombe wampe anayetumia mkalimani muda maradufu. Hilo halihitaji sheria mpya.)

Kuna pia miswada inayoletwa ikiwa kichwa na muhtasari wa mistari michache, maandishi kamili yafuate baadaye. Tafadhali usitufanyie hivyo. Mtu hawezi kutolea ushahidi karatasi tupu.

Jambo linalotuuma zaidi, na ambalo wagombea hawalisemi kwenye kampeni, ni pesa. Muswada ukishapita kamati, ukapigiwa kura na Wawakilishi na Seneti, wengi wetu huanza kupongezana kwa simu. Kumbe kama una gharama na bajeti haijautengea fungu, unawekwa kwenye meza maalumu ya Seneti kusubiri. Siku za mwisho za kikao cha mwaka wa kwanza, mwezi Juni watu wakitaka kurudi makwao, kamati ya matumizi ya fedha inapitia rundo hilo na kuamua upi upate na upi ukose. Mingi hufia pale. Hakuna aliyesimama kuipinga, hakuna hotuba, hakuna wa kulaumiwa. Mbunge anarudi kwetu na kusema, bila kudanganya, kwamba muswada wake ulipita. Kwa hiyo kwa kila muswada utakaobaki nao tuambie mapema: utagharimu kiasi gani, pesa itatoka wapi, na ni nani kwenye kamati ile umeshazungumza naye.

Wala usituahidi kwamba kila kilichokwama kitarudi mwaka wa pili. Katiba ya Maine inakibana kikao cha mwaka wa pili kwenye mambo ya bajeti, ya dharura na machache mengine, na viongozi wa Bunge ndio wanaochuja miswada mipya ya wabunge.

Nianze mimi kukata. Ondoa muswada wa vibali vya kazi. Najua nitakasirikiwa nyumbani, kwa sababu hakuna kilio kikubwa kuliko hicho. Juni 2019 mamia ya watu, wengi wao Wakongo na Waangola, walilala kwenye vitanda vya kukunja ndani ya ukumbi wa michezo wa Portland Expo, wenye nguvu na nia ya kufanya kazi, huku sheria ya shirikisho ikiwataka wasubiri siku 150 baada ya kuomba hifadhi ndipo waombe kibali. Mwaka 2023 Bunge lenu lilipitisha sheria ya kuiagiza serikali ya jimbo iiombe Washington ilegeze masharti hayo. Mamlaka yalikuwa ya Washington, na kura ya Augusta haikuyahamisha. Kilio hicho wapelekee maseneta wetu wa shirikisho.

Ubakishe nini basi? Leseni za wauguzi, kwanza kabisa. Bodi za leseni ziko chini ya jimbo, na Maine ndilo jimbo lenye watu wazee kuliko yote Marekani. Nyumba za wazee zinatafuta wauguzi wakati wauguzi wamo humohumo ndani wakifua mashuka. Pili, wakalimani. La tatu chagua wewe.

Mfano wa kung'ang'ania muswada mmoja kwa subira unao jirani. Mwaka 2023 Rachel Talbot Ross, akiwa Spika wa Wawakilishi, alisimamia muswada wa kuwapa vibarua wa mashambani kima cha chini cha mshahara cha jimbo. Gavana Janet Mills aliukataa kwa kura ya turufu. Mwaka 2024 gavana alileta muswada wake mwenyewe kuhusu jambo hilohilo, kamati ikaubadilisha, naye akaupiga turufu huo pia. Mwaka 2025 Talbot Ross, safari hii akiwa seneta, aliurudisha, na ukawa sheria. Alikuwa na miswada mingine, bila shaka, lakini watu wa mashambani wanamkumbuka kwa huo.

Tutumie majina ya miswada utakayobaki nayo, na ikishapangiwa tarehe ya kusikilizwa utuarifu siku hiyohiyo, ili watu wabadilishane zamu kazini na sisi tupange magari ya kuja Augusta.