Hesabu Ifike kwenye Saruji

Ndugu zetu wa Otonglo, Korando na Kisian mlioko ughaibuni,

Kila tunapopata msiba, kundi letu la WhatsApp hugeuka soko la fedha. Mmoja anaapa kwa Wise, mwingine haambiliki kwa Sendwave, na wapo wazee wetu ambao hadi leo huingia dukani na noti mkononi wakajaze fomu ya Western Union, kampuni iliyoanza kwa telegramu mwaka 1851. Ubishi huo una raha yake. Lakini ukiusikiliza, wote wanabishania ada ya kutuma, na ada ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Chukua dola 200, bei ya soko ikiwa shilingi 129. Kwa haki hizo ni shilingi 25,800. Kampuni ya kwanza inajigamba kuwa haitozi ada, ila inakununulia dola kwa 125, kwa hiyo nyumbani zinaingia 25,000. Ya pili inakukata dola 3 mbele ya macho yako, kisha inakupa 128.50, na zinaingia 25,314. Aliyelipa ada amefikisha zaidi kuliko aliyetuma "bure". Namba hizi ni za mfano tu, weka za leo uone. Ila zile 800 zilizoyeyuka kwa kampuni ya "bure" ni bei ya mfuko wa saruji, na hakuna risiti itakayozitaja. Swali la kuiuliza programu yoyote ni moja: nikitoa dola 200 kamili kwenye akaunti yangu, shilingi ngapi zitasoma kwenye simu ya nyumbani?

Zamani kampuni zilikuwa na kisingizio. Mapema mwaka 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, kisha serikali ilipopata fedha za kununua sehemu kubwa ya Eurobond iliyokuwa inaiva mwezi wa Juni, shilingi ikapanda kwa kishindo. Siku zile, ukipewa bei mbaya, mtu angeweza kulaumu soko. Tangu katikati ya mwaka huo dola imetulia karibu na 129. Anayekupa 125 soko likiwa limetulia hivyo hajabanwa na yeyote. Ameamua.

Kuna pia bei ya mgeni. Kampuni nyingi humpa mteja mpya kiwango kitamu mara ya kwanza, na mara ya pili kinashuka bila kelele. Wengi wetu tuliipendekeza programu fulani kwa jamaa kwa sababu ya ile siku ya kwanza, na hatujarudi kuangalia tena. Ulinganishe bei ya mara ya pili. Ukitumia Remitly, angalia kama umechagua ya haraka au ile ya siku kadhaa, maana bei zake si sawa, na karo ya muhula ujao haina haraka ya dakika tano. Na usilipie kwa kadi ya mkopo. Benki nyingi huhesabu hiyo kama umekopa taslimu, na riba inaanza siku hiyohiyo.

Walio Marekani wana jambo jipya. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeleta kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje, kuanzia Januari 1, 2026. Wabunge walianza na pendekezo la asilimia 5, likapunguzwa njiani. Kodi hiyo inamgusa anayelipa kwa noti, kwa hawala ya posta au kwa hundi ya benki. Anayelipa kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa huko haimhusu. Kwa maneno mengine, inawaangukia hasa wale wazee wa foleni ya dukani. Mwenye mzazi au mjomba wa namna hiyo akae naye jioni moja amfungulie programu kwenye simu. Tunajua si kazi nyepesi.

Sasa tuje huku Otonglo, ambako kulinganisha kwetu hakufiki kabisa. Tukishaona ujumbe kwamba pesa imeingia M-Pesa, tunahesabu kazi imekwisha. Kumbe safari ya pili ndiyo inaanza. Tuseme umemtumia kaka shilingi 60,000 za lenta. Ni Jumamosi, fundi na vibarua wanasubiri. Kaka anaenda kwa wakala kando ya barabara ya Busia, na wakala ana taslimu 20,000 tu. Kutoa hizo ni 185. Kaka anapanda matatu hadi mjini, anatoa 40,000 kwa 278, anarudi na noti mfukoni. Hapo 463 zimekwenda, bado nauli ya kwenda na kurudi, pesa ya soda, na nusu siku ya vibarua waliokaa kivulini kwa malipo yaleyale. Wewe ulitumia jioni nzima ukitafuta kampuni ya kukuokolea shilingi 300.

Hardware yenye till number ingemaliza jambo hilo. Mteja anayelipa kwa till hakatwi kitu, na risiti inabaki kwenye simu, tena ina jina la duka. Msimamo wa jarida hili ni kwamba mwenye duka asiyetaka till, akasisitiza atumiwe kwenye namba yake binafsi au aletewe noti, tununue kwingine. Shule nyingi zina Paybill, na baadhi ya programu za ughaibuni sasa zinaweza kulipa huko moja kwa moja. Tunajua kuna watakaosikia hapa kwamba hatuwaamini ndugu zetu. Hasha. Ndugu anayebebeshwa noti za nyumba ya mtu mwingine ndiye husingiziwa kwanza hesabu isipolingana, na tumeshaona maboma yakinuniana kwa sababu ya misumari.

Pesa kubwa, ya shamba kwa mfano, ipite benki. M-Pesa ina mipaka yake: 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Njia ya SWIFT ni ghali kwa dola 200 kwa sababu benki za katikati nazo hukata chao, lakini kwa dola 15,000 makato hayo ni madogo, na wakili atataka karatasi inayoonyesha pesa ilitoka wapi ikaenda wapi. Hapo tena angalia kiwango cha kubadilisha. Benki ikijua unazo dola nyingi, inajadilika. Piga simu uombe bei kabla hujatuma.

Na wale wanaonong'ona kundini "nipe dola hapa, ndugu yangu atamtumia mama shilingi kule"? Bei yao huwa nzuri, hatukatai. Lakini kubadilishana kwa mdomo hakuna leseni wala pa kulalamikia, na hujui dola zako zinalipia nini. Mwezi wa Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Benki Kuu ilisimamisha kwa mkupuo leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, na hizo zilikuwa zimesajiliwa.

Turudi kwenye matanga, maana ndipo tunapopoteza zaidi. Watu arobaini wakituma dola 50 kila mmoja, kila mmoja analipa bei ya pesa ndogo, na aliyefiwa anapokea ujumbe arobaini akiwa hata hana nguvu ya kuusoma. Kamati ya jumuiya yetu inapendekeza kila tawi likusanye kwanza kwa njia isiyo na gharama, Zelle kwa walio Marekani na uhamisho wa kawaida wa benki kwa walio Uingereza, kisha mweka hazina atume mara moja: bili ya mochwari ilipwe hospitalini, jeneza lilipwe kwa till, na familia ipelekewe kinachobaki. Itabidi tufungue akaunti kwa jina la jumuiya, kwa sababu akaunti ya mtu binafsi inayopokea miamala arobaini kwa siku mbili inaweza kuzuiwa ili mwenyewe aulizwe maswali, na mochwari haisubiri majibu.

Kuanzia toleo lijalo tutachapisha jedwali la shilingi zilizofika, si ada, kwa dola 200 na pauni 150, zikitumwa siku moja kupitia kampuni mbalimbali na watu ambao si wateja wapya. Pengo letu ni Ghuba. Saudi Arabia sasa ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa pesa zinazokuja Kenya, na dada zetu wengi walioko Riyadh, Doha na Dubai hutuma kupitia maduka ya kubadilisha fedha yaliyo karibu na mwajiri, siku ambayo wameruhusiwa kutoka. Aliyeko huko atuandikie: pesa ngapi za huko zilitoka, shilingi ngapi zilisoma kwa simu ya nyumbani, tarehe gani. Picha ya risiti inatosha, ufute jina na namba kabla ya kutuma.