Huo Ukuta Uko Kwenye Picha Zenu

Grupu la WhatsApp lilifunguliwa wiki ya mwisho ya Oktoba, saa tano usiku, na mtu aliyekuwa ametoka kulipwa. Jina la grupu: Diani ama Tufe. Watu 11. Kufikia asubuhi kulikuwa na jumbe zaidi ya mia na hakuna hata mmoja uliotaja tarehe. Kulikuwa na picha za mabwawa ya kuogelea, kura ya rangi ya nguo za siku ya pili, mabishano kuhusu nani atalala na nani, na ujumbe mmoja ulioelekezwa kwangu: "Si wewe ni wa Coast, tutafutie kitu poa."

Mimi ni wa Coast, ndiyo. Nimezaliwa upande wa Likoni, na likizo nyingi za shule nilizimalizia kwa mjomba wangu, katika kijiji kimoja cha wavuvi huko Kwale. Sasa niko Nairobi kama nyinyi, natafuta ganji kama nyinyi, na kila Novemba nageuka ajenti asiye na kamisheni. Natafuta vyumba, naulizia boti, naeleza feri. Nimefanya hivyo miaka minne bila kulalamika. Mwaka huu nalalamika.

Lalamiko lenyewe ni hili: mnapanga likizo ya Pwani kana kwamba Pwani haina watu. Ina mchanga, ina maji, ina mnazi ulioinama vizuri kwa picha, na ina wafanyakazi. Watu hamna.

Anza na jina. Mtu yuko Watamu, anaposti kwamba yuko Mombasa. Mwingine yuko Diani, naye pia Mombasa. Watamu iko Kilifi, jamani, na Diani iko Kwale. Mkienda Naivasha hamsemi mko Nakuru mjini. Mtaniambia ni kajambo kadogo, na kweli ni kadogo, lakini ndiko kanakofungua mlango wa mengine yote. Mahali usipojua panaitwaje, hutauliza ni pa nani.

Halafu tarehe. Grupu zima huchagua tarehe kwa kuangalia vitu viwili: mshahara unaingia lini na bosi atakubali lini. Hilo naelewa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za likizo kwa mwaka, lakini nusu ya mbogi yangu wanafanya kazi za mkataba wa mwezi kwa mwezi na hizo siku 21 wanazisikia tu kwa watu wengine. Kwa hivyo siwacheki mnapong'ang'ania wikendi ndefu. Ninachosema ni kwamba bahari nayo ina kalenda yake, na haijali mshahara wako uliingia lini. Kusi inapovuma, kati ya Aprili na Septemba hivi, mawimbi yanakuwa makali na mwani hurundikana ufuoni. Watu hufika, huona ule weusi mchangani, na jioni wanaandika kwamba hoteli ni chafu. Kaskazi ikishaingia mwisho wa mwaka, maji hutulia na kuwa ya buluu kama mnavyoyajua kwenye TikTok.

Hata ndani ya mwezi mmoja kuna tofauti. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Katikati hapo kuna maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayarudi kwa kishindo. Yale mafungu ya mchanga mnayoyataka, ya kupigia picha katikati ya bahari mkiwa mmevaa nyeupe, huonekana vizuri bamvua likipwa, mara nyingi asubuhi kama saa nne. Ukienda siku ya maji mafu utalipa boti, utazungushwa, na utarudi ukisema nahodha ni mwizi. Nimesikia hilo neno mara nyingi mno. Mtoto wa miaka minane kijijini kwa mjomba angekuambia siku ya kwenda, bure, kama ungemuuliza.

Sasa malazi. Hapa ndipo nataka tukae.

Juzi juzi, si mwaka jana, mwaka juzi, grupu lilichagua koteji. Vyumba vinne, bwawa, ukuta mweupe wenye maua, na mlango mdogo wa mbao unaofunguka moja kwa moja mchangani. Picha zilikuwa safi, nakubali. Kila mtu akaandika "hii, hii, hii". Mimi nilikuza picha ya tatu kwa vidole viwili na nikauona mbuyu. Ulikuwa umesimama ndani ya ua, karibu na viti vya kuotea jua, umefungwa taa ndogo ndogo kiunoni. Ule mbuyu naujua. Njia ya kijiji kwenda pwani ilikuwa inapita chini yake. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunapumzika pale na ndoo za samaki kabla ya kupanda mteremko.

Nilijua njia imefungwa. Mamangu alikuwa ameniambia. Lakini kujua ni jambo moja, na kuiona kwenye simu yako, na nyota zake nne na nusu na sifa zimeandikwa "ufuo wa faragha", ni jambo lingine.

Ufuo wa faragha, sikia hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji yakijaa na alama ya maji yakipwa ni ya umma. Yote. Hakuna mtu Kenya hii mwenye ufuo wake. Lakini Katiba haikushiki mkono kukupitisha ukutani. Mchanga ni wenu nyote, sawa, ila kuufikia lazima mpite mahali, na mahali penyewe pana geti, pana mlinzi, pana mbwa. Maji yakiwa yamekupwa mvuvi anaweza kuzunguka kwa mchangani kutoka mbali. Yakijaa bamvua, mawimbi yanapiga ukuta wenyewe na hakuna pa kukanyaga. Basi anabeba mashine ya boti begani, nyavu na madumu ya petroli, anazungukia barabara ya juu. Mjomba ana miaka sitini na kitu.

Nilisema nini kwenye grupu? Sikusema kitu. Nilituma mchango wangu wa shilingi 6,500 na nikaandika "nimetuma". Niliogopa kuwa yule mtu anayeharibu plani. Kila grupu lina mmoja, na sikutaka niwe mimi.

Siku ya pili tukiwa huko nilimpigia mjomba nimwagize samaki. Nilimwambia tuko wapi. Alinyamaza kidogo, akasema haya, nitaleta. Asubuhi nikiwa jikoni nikasikia mlinzi anabishana na mtu getini: wachuuzi hawaruhusiwi, mzee, zungukia huko nyuma. Rafiki yangu mmoja, akiwa na miwani yake ya jua na kikombe cha kahawa, akaniuliza, bila ubaya wowote, "Huyo mzee anauza nini?"

Nikatoka mbio na champali moja. Mjomba alikuwa amesimama nje na ndoo ya changu na tafi waliofunikwa kwa jani la mgomba. Nilimwamkia, nikataka kumwingiza, mlinzi akasema hadi ampigie msimamizi simu. Mjomba akakataa. "Wacha, mwanangu. Mimi hapa nilikuwa napita kabla mamako hajakuzaa. Sitaingia kwa simu." Akanikabidhi ndoo. Halafu akatazama ndani, lile bwawa, zile taa kwenye mbuyu, wale watu wangu waliolala kifudifudi.

"Hawa ni watu wako?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mwalipa ngapi kwa usiku?"

Nikamdanganya. Nilimtajia nusu ya bei. Na hiyo nusu yenyewe ilimfanya arudie hesabu kwa sauti ya chini, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Mchana huo huo wenzangu walimshusha bei mama wa mabuyu kutoka 50 hadi 30. Watu wanne, mama mmoja, dakika kumi, na baadaye walisimulia kwa furaha jinsi "walivyobageni". Koteji hawakubageni. Bei ya koteji ilikuja imeandikwa kwenye skrini, na bei ya skrini Mkenya huiheshimu kama amri ya Mungu. Ya mama ndiyo inayojadiliwa.

Najua jibu lenu, kwa sababu niliwahi kujipa mwenyewe. Si sisi tuliojenga ukuta. Ardhi waliuza wenyeji. Na isitoshe, utalii unaleta kazi.

Moja moja. Ukuta hamkujenga, kweli, ila unajengwa kwa sababu unalipiwa, na kodi ya usiku tatu ni matofali pia. Wenyeji waliuza: wengine waliuza, sitawatetea. Lakini wengi hawakuwahi kuwa na cha kuuza, kwa sababu sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka watu wa ukanda huu wapeleke madai yao kwa wakoloni, na ardhi ambayo haikudaiwa ikageuka kuwa ya Taji la Uingereza. Babu za watu hawakuwa na karani. Uhuru ulipokuja, makaratasi yalihamia kwa mabwana wengine, na wajukuu wakaendelea kuitwa maskwota mahali makaburi yao yalipo. Na kazi, ndiyo, kuna kazi. Binamu yangu anatandika vitanda kwenye koteji kama hiyo. Yeye huingia kwa geti la nyuma.

Kwa hivyo tusiende? Sijasema hivyo hata kidogo, na mtu akikuambia Pwani haitaki wageni hajui Pwani. Nendeni. Lakini kabla ya kubuki, mwandikie mwenye nyumba ujumbe mmoja: wanakijiji wanapita wapi kwenda baharini? Mwenye njia atakujibu kwa dakika mbili, tena kwa fahari. Mwenye ukuta ataanza kukueleza habari za usalama. Ukipata jibu la usalama, funga hiyo kurasa. Nyumba za kulala ziko nyingi, na zingine ni za watu wa hapo hapo, hazina bwawa, zina kisima na mama anayejua kupika mbaazi za nazi na mahamri ya asubuhi. Mwende Gazi mkatembee kwenye daraja la mbao la wanawake wa mikoko. Wanawake wa Wasini nao wana daraja lao juu ya bustani ya matumbawe, na pesa mnayolipa mlangoni inabaki kisiwani. Kaya Kinondo iko pale pale karibu na Diani, ni mojawapo ya misitu ya Kaya za Mijikenda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Utafungwa kaniki, utaongozwa, utanyamaza kidogo. Kunyamaza hakujaua mtu wa Nairobi bado, ingawa najua hatuna ushahidi wa kutosha.

Mizigo nitaisema haraka kwa sababu haina mengi. Mnabeba mno. Kwenye stesheni ya SGR pale Syokimau mabegi hupangwa chini kwa mstari mbwa wayanuse, na kila Desemba naona mtu wa siku tatu ana masanduku mawili na taa ya duara ya kupigia picha. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, halafu bado unamlipa mtu akubebee viatu ambavyo hutavivaa mchangani. Beba leso mbili. Leso ni taulo, ni shuka, ni nguo ya kujistiri ukipita mtaani, kwa sababu njia ya kwenda ufuoni hupita milangoni kwa watu, na wale wazee wanaokaa kibarazani hawajabuki kukuona na bikini. Beba chupa yako ya maji. Plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye mbuga, misitu na fuo za hifadhi tangu Juni 2020, na hata kusikokuwa na askari wa kukukamata, hiyo chupa unayoiacha mchangani inaingia kwenye wavu wa mtu. Beba pesa taslimu ndogo ndogo, ili mama wa mabuyu usimwambie huna chenji.

Haya yote nimeyaandika kwenye grupu wiki iliyopita, kwa ujumbe mmoja mrefu, pamoja na habari ya mbuyu. Kukawa kimya saa nzima. Mtu mmoja akaondoka kwenye grupu bila neno. Mwingine akauliza, "So hakuna bwawa?" Yule wa kikombe cha kahawa akanipigia simu badala ya kuandika. Tuliongea kidogo, akalia kidogo, mimi pia.

Tumebaki saba. Tumepata nyumba upande ule ule wa kijiji, juu ya mteremko, vyumba vitatu, ya mjane mmoja anayemjua mamangu. Jana nilimpigia mjomba kumwambia tarehe tuliyochagua. Nikamsikia akihesabu mwezi, labda kwa vidole.

"Hayo ni maji mafu," akasema. "Fungu hamtaliona. Sogezeni wiki moja mbele."

Watu watano wamekubali kusogeza. Wawili bado wanabembeleza mabosi wao.