Aliyecheza Ugenini Naye Atuzwe

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Mjini Nyeri methali hii imetimia: mnara wa kuwakumbuka waliokufa wakipigania uhuru umesimama katikati ya mji, na jina la Dedan Kimathi limepewa chuo kikuu. Hiyo ni haki yao. Hata hivyo, sisi wa miji ya Mlima Kenya tumezoea kumpima shujaa kwa kigezo kimoja tu, yaani msitu. Mwana wa mlima aliyepambana bandarini tumemsahau.

Chege Kibachia alitoka Kiambu, akasomea shule ya Alliance, kisha akateremka Mombasa kutafuta kazi. Tarehe 13 Januari 1947 makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli na watumishi wa nyumbani na mahotelini, jumla yao wapatao 15,000, waligoma. Walidai ujira wa kukidhi mahitaji, posho ya nyumba, na malipo sawa kwa kazi sawa bila ubaguzi wa rangi. Mgomo ulidumu karibu wiki mbili. Kibachia, ambaye mwenyewe hakuwa kuli, akawa rais wa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika lililozaliwa katika mgomo huo. Mnamo Agosti mwaka uo huo alikamatwa, akapelekwa Kabarnet, Baringo, alikozuiliwa kwa miaka 10.

Yamkini msomaji atauliza: haya yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu sana. Wagomaji walikuwa Wamijikenda, Waluo, Wakamba, Waluhya, Wakikuyu na wengineo. Walikutana mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini, na jina hilo lenyewe latosha kuwa ushahidi wa lugha iliyowaunganisha. Mtu wa Kiambu asingaliweza kuwaongoza watu hao kwa Kikuyu, wala kwa Kiingereza cha Alliance.

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili cha gatini ni cha mitaani, hakistahili kuingia darasani. Dai hili halina mashiko. Neno "kibarua" lilikuwa barua ndogo, kikaratasi cha kazi ya siku, kabla ya kuwa jina la kazi na la mtendaji wake. Leo limo kamusini na hakuna anayelionea haya. Lugha yetu haikutajirishwa na washairi wa Lamu na Mombasa peke yao. Wapagazi nao waliitia chumvi.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vya Nyeri, Karatina, Embu, Chuka na Meru vitume wanafunzi kwa wazee waliowahi kufanya kazi bandarini na relini kisha wakarejea mlimani. Waliogoma mwaka 1947 wamebaki wachache mno, ila waliofuata baadaye, kabla kontena hazijapunguza kazi ya mabega, bado tunao. Wahojiwe majina ya zana, ya vyeo, ya mizigo na ya mikutano, na majibu yao yarekodiwe. Wahadhiri nao wayakubali kuwa data halali ya tasnifu.

Mnara wa mawe huhitaji fedha za serikali. Huu wa maneno wahitaji daftari na nauli ya matatu, nasi tukichelewa, tutakuta wenye maneno wameshazikwa.